Kwenda Mjini Kuona Miti

Nianze na upumbavu wangu, maana nisipousema mimi watausema wengine, tena kwa chumvi. Nilidanganya kuhusu mimba ya ng'ombe mbele ya mwenye dume.

Anayejua maisha ya kwetu huku Old Moshi, ambako ng'ombe hatoki bandani na majani analetewa humo humo, ataelewa ukubwa wa upumbavu huo. Padri unaweza kumdanganya. Mke unaweza kumdanganya kwa muda. Lakini mwenye dume anajua ng'ombe wako aliletwa lini, nani alimshika kamba, na atazaa msimu gani. Wewe una ng'ombe mmoja wa kumkumbuka na unasahau. Yeye ana ndama wa dume lake kila boma na hasahau hata mmoja.

Mwenye dume wetu ni jirani yangu, mama mjane anayenizidi umri kidogo na kunizidi sauti sana, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisani. Siku hiyo tulikutana nyumbani kwake. Tulipomaliza kusali akaleta neno. Mjini kumefunguliwa bustani mpya, alisema, si ya maua ya kupanda, ni ya asili: miti imeachwa ilivyo, kuna bwawa, kuna njia za mbao zinazopita juu ya maji, kuna daraja la kamba linaloning'inia kwenye miti, kuna tumbili. Alitaka Jumamosi ya wiki inayofuata jumuiya nzima ishuke, wazee kwa watoto, ikashinde huko kutwa.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Yaani sisi watu wa mlimani tushuke mjini, tulipe kiingilio, tukaangalie miti?"

"Na tumbili," akajibu mwenyekiti.

"Tumbili mbona wanakula mahindi yangu huku bure!"

"Wa huko wana adabu. Hawaibi, wanapigwa picha."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka macho yangu yalipomwangukia binti yangu. Alikuwa mkekani na watoto wenzake, amenyoosha shingo kama kuku aliyesikia mtama ukimwagwa. Kicheko kikanikauka. Nikasikia mdomo wangu wenyewe ukisema, "Jumamosi hiyo sisi hatutaweza. Ng'ombe wangu anazaa."

Mwenyekiti akanigeukia taratibu.

"Ng'ombe gani?"

"Si huyu wangu."

"Huyu aliyeletwa kwa dume langu baada ya Pasaka? Ukamvuta mwenyewe, akakukanyaga mguu, ukataka kulia?"

Nikauvuta mguu chini ya kiti.

"Kahawa ndiyo kwanza inaanza kuwa nyekundu, baba, hata miezi mitano haijafika. Huyo ng'ombe Jumamosi atazaa nini? Yai?"

Jumuiya ilicheka mpaka rozari zikaanguka. Mke wangu naye alicheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo, maana yeye alijua nilichokificha nyuma ya yule ng'ombe.

"Sasa kwa kuwa una muda wa kutunga mimba," mwenyekiti akasema, "wewe ndiye utakayeshuka kuikagua hiyo bustani. Uje utuambie tukae wapi, tule wapi, watoto wapite wapi." Wakapiga makofi. Ndivyo mimi, kati ya watu wote wa Mungu, nilivyokuwa mpangaji wa matembezi.

Maana mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wanatoka Ulaya kuja kuupanda mlima ulioko nyuma ya choo changu, nami sijafika hata pale msitu unapoanzia. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kihambani, kwenye migomba na kahawa ya ukoo. Wenzangu wamekwenda Dar, wamekwenda Tunduma, wamekwenda Dubai; mimi nimekwenda bandani, nimerudi jikoni. Nikishuka mjini kununua dawa ya kupe, jioni nasimulia kama mtu aliyetoka hija. Wananitania kwamba siku yangu ya kufa malaika atakuja na askari, kwa hiari sitatoka. Nacheka nao. Utani huo umenifaa sana. Watu wakishakubali kwamba wewe ni mvivu wa kutoka, hawakuulizi tena kwa nini hutoki.

Ila kwa miaka miwili sasa kinachonikalisha nyumbani ni woga.

Binti yangu ni kitindamimba, yuko darasa la sita. Kaka na dada zake wako mbali. Wanakuja Desemba na kelele zao na kuondoka nazo. Mwaka juzi nilimtuma akate majani ya ng'ombe kule chini kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji ya mlima mashambani. Alikawia. Mimi nilikaa nikanywa chai. Hilo la chai haliniondoki. Nilipoteremka kwenda kumfokea nilimkuta kifudifudi ukingoni, mkono mmoja na nusu ya uso ndani ya maji, mwili wote unatikisika, mundu uko pembeni. Maji yenyewe kuku angevuka bila kulowa tumbo. Siku ile nilijifunza kwamba maji hayana haja ya kuwa mengi.

Hospitali wakasema ni kifafa. Daktari alituandikia dawa, akatueleza kwa upole kwamba mtoto asome, acheze, aishi kama wenzake, mradi tu asiachwe peke yake penye maji, penye moto, au juu ya mti. Alisema mengi ya kutia moyo. Mimi niliondoka na neno moja tu: maji.

Dawa zimemsaidia. Ameanguka mara chache tangu wakati huo, na zote nyumbani. Lakini mimi sijapona. Parachichi likidondoka juu ya bati, nimeshafika mlangoni kwake. Sufuria likianguka jikoni, naacha ng'ombe nusu kakamuliwa. Akiingia kuoga, ghafla nakumbuka kwamba ukuta wa bafu unahitaji kukaguliwa. Nasimama nje nikigongagonga tofali, nasikiliza maji yakimwagika. Yakinyamaza, na moyo wangu unanyamaza.

"Baba," ananiambia kutoka ndani, "bado nipo."

Na hatukumwambia mtu. Kwetu mtu akianguka kifafa watu hukimbia. Wanasema lile povu likikugusa, nawe umeupata. Wengine wanaanza kuulizana ni ukoo gani umeutupia ukoo gani uchawi. Sisi tukatangaza kwamba mtoto ana malaria inayomrudia, na nje ya nyumba yetu aliyeujua ukweli ni mwalimu wake wa darasa peke yake, naye aliambiwa na mke wangu.

Basi nikashuka mjini katikati ya wiki, nimevaa koti la kanisani kama mpeleka posa. Langoni nilimkuta askari kijana.

"Shikamoo mzee. Karibu bustanini."

"Marahaba. Tunataka kuja na jumuiya. Masharti yenu yakoje?"

Akanieleza. Chakula kinaliwa sehemu yake tu, takataka tunaondoka nazo, tumbili hawalishwi, pombe hairuhusiwi. Hapo nikamfikiria mwenyekiti na dumu lake la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ambalo kwa hesabu zake lilikuwa msafiri wa kwanza. Nikaona mwanga.

"Hata mbege? Ile kwetu ni chakula."

"Hata mbege, mzee."

"Na wakikataa kuja bila mbege?"

"Basi wasije."

Niliingia ndani nimechangamka kidogo.

Pazuri. Siwezi kuongeza uongo mwingine juu ya ule wa ng'ombe. Mikuyu mikubwa, ubaridi kama wa kwetu, na kelele za pikipiki zimebaki nje ya uzio. Mtu mwingine angekaa kwenye benchi akamshukuru Mungu. Mimi nilitembea nikitazama kila kitu kwa macho ya mtu anayeanguka. Hapa kuna jiwe, kichwa. Hapa kuna ngazi, meno. Hapa mzizi, hapa msumari haujapigiliwa vizuri. Kisha njia ikapinda, miti ikafunguka, na hapo mbele likawepo bwawa.

Lilikuwa la kijani, limefunikwa na majani mapana ya maji, huoni chini. Njia ya mbao ilipita juu yake, na pembeni walifunga kamba nene usawa wa kiuno cha mtu mzima. Niliitazama nafasi iliyoko kati ya kamba na ubao. Nikaitazama tena. Hakukuwa na mtu karibu, basi nikapiga magoti na koti langu la kanisani, nikapima kwa bega kama mtoto anaweza kupenya. Bega likapita. Kichwa kikapita. Nikajikuta nimening'inia nusu mtu juu ya bwawa, na kati ya majani yale nikaona uso wangu, upande mmoja umo kwenye maji na upande mmoja haumo, kama nilivyoukuta uso wake siku ile. Viganja vyangu vikaanza kuteleza kwa jasho. Nilijiambia nirudi nyuma, na mwili haukunisikia.

"Mzee, umedondosha simu?" Alikuwa yule askari.

"Hapana. Naangalia kamba."

"Kamba ina nini?"

"Ina nafasi."

Akanivuta kwa mshipi wa suruali, akanifuta magoti, akaniangalia kwa huruma ambayo vijana huwaonea wazee wanaoanza kupotea. Nadhani aliendelea kunifuata kwa mbali. Hivyo aliona na kilichonikuta kwenye daraja la kamba. Nilifika robo yake, likayumba, nikakaa chini. Nyuma yangu kulikuwa na wanafunzi wakisubiri zamu.

"Babu anasali?" mmoja akamuuliza mwenzake.

Sikuwa nasali, lakini niliona si vibaya kuanza.

Nilirudi nyumbani na mpango kamili. Nilimweleza mke wangu jikoni, wakati yeye na binti yetu wakimenya ndizi. Mtoto atakwenda, nilisema, mimi si katili. Atakaa kwenye benchi la pili kutoka langoni, chini ya mkuyu, mbali na bwawa, mimi nikiwa pembeni yake. Wenzake watazunguka, watarudi, watamsimulia. Na kama itabidi asogee kidogo, kwa mfano kwenda chooni, nitafunga kamba laini kiunoni kwake na ncha nyingine mkononi kwangu. Kamba nilikuwa nayo tayari. Nikaitoa mfukoni.

Mke wangu akaitazama. "Hiyo si kamba ya ndama?"

"Nimeifua."

"Baba, unampeleka bustanini au mnadani?"

Nikajitetea. Nikaeleza lile bwawa, ile nafasi chini ya kamba, yale majani yanayojifunga juu ya kitu kikishazama. Nilieleza vizuri mno, mpaka mke wangu akaacha kumenya. Binti yetu hakuacha. Alimaliza ndizi yake, akaitumbukiza kwenye maji, ndipo akasema bila kuninyanyulia macho.

"Mimi nikianguka sijui, baba. Nafumbua macho nawakuta ninyi mnalia. Kwa hiyo kuanguka siogopi. Naogopa benchi."

Nilitoka nje nikaenda kumtazama ng'ombe, ambaye kwa kweli hakuwa na dalili yoyote ya kuzaa.

Mke wangu akanifuata na utomvu wa ndizi mikononi. Hakunifokea, angenifokea ningepumua. "Ukizimia wewe kwa woga pale kwenye bwawa," alisema, "nani atawatoa wote wawili? Mwambie mwenyekiti. Watoto atakuwa nao yeye."

"Yule? Na ule mdomo?"

"Mdomo anao. Na mikono anayo. Ndama wote wa hapa wamevutwa na nani?"

Nasema kweli, lile daraja la kamba ningelivuka kwa mguu mmoja kuliko kwenda kwa jirani yangu jioni ile. Bwawa lingeweza kumchukua mtoto wangu siku moja, tena labda. Neno likitoka, lingemchukua kila siku: kanisani benchi lake lingebaki tupu pande zote mbili, kisimani wangemwachia zamu haraka haraka, na wasichana wenzake wangeitwa nyumbani kila akitokea njiani. Nimeona hayo yakimpata mtu mwingine nikiwa kijana. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliokimbia.

Kwetu huendi kwa mtu na neno zito mikono mitupu. Nikakata mzigo mkubwa wa majani, nikajitwika, nikavuka mpaka wa mashamba yetu. Nilimkuta uani akikatakata shina la mgomba kwa panga kumwandalia dume lake.

"Heh! Umekuja kumposa dume?"

"Nimemletea zawadi."

"Mpe mwenyewe akuambie asante, huyo hapo."

Nikampa taarifa ya bustani. Nilieleza lango, mabenchi, vyoo, mikuyu. Nilipofika kwenye mbege akasimamisha kazi akalalamika kwa kirefu, akauliza ni bustani gani hiyo inayowaruhusu tumbili na kuukataza ulezi. Nikakubaliana naye kwa kila neno. Nikaeleza tena vyoo. Kisha maneno ya pembeni yakaniishia, nikaaga. Nilifika kwenye uzio wa masale, yale majani yetu ya kuombea msamaha, nikashika jani moja, nikasimama, nikarudi.

"Kuna jambo," nikasema.

"Nilijua. Majani yote hayo si ya bure."

Nikamwambia. Nilianzia kwenye chai niliyokunywa wakati ule mtoto amekawia, nikateremka mpaka mfongo, nikapanda mpaka kwa daktari. Nililitaja jina la ugonjwa kwa sauti kwa mara ya kwanza nje ya nyumba yangu, na likasikika kubwa kuliko lilivyokuwa ndani. Panga lilisimama hewani, halafu likashuka taratibu likatulia juu ya shina.  Nilisikia dume likitafuna majani yangu.

"Ile malaria?" akauliza mwishowe.

"Haikuwa malaria."

"Juzi alinywa uji hapa kwangu. Kikombe kile wamenywea na wajukuu zangu."

"Kikombe hakina neno, mama. Hauambukizi."

"Na povu?"

"Povu ni mate. Ni mate tu."

Akafuta viganja vyake kwenye kanga. Vilikuwa na maji ya mgomba, mtu yeyote angevifuta, lakini mimi nilimwona akivifuta mara ya pili. Nikajua nimemuuza mwanangu. Nilitaka kuyakusanya maneno yangu pale uani nirudi nayo nyumbani, niseme nilikuwa natania, si mnanijua mimi kwa uongo, si nilisema hata ng'ombe anazaa? Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Akianguka nifanye nini?" akauliza.

Nikajaribu kueleza. Nikaanza na kichwa, nikaruka miguuni, nikarudi kichwani. Nikaona njia ni moja. Nikavua kofia, nikalala chini pale kwenye vipande vya mgomba.

"Nimeanguka," nikasema.

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi, ila natikisika. Usikimbie. Usinikandamize. Usinitie kijiko mdomoni wala kitu chochote. Toa hilo panga karibu yangu."

Akaliegemeza bandani. "Enhe?"

"Nigeuze ubavu, mate yatoke."

Akafunga kanga vizuri kiunoni, akapiga goti, akanigeuza kama anavyowageuza ndama waliokataa kutoka. Mbavu zangu zililia. Kisha, na hili sikuwa nimemwambia, akavua kanga ya mabegani, akaikunja, akaniwekea chini ya kichwa.

"Kisha?"

"Kisha unakaa naye. Unasubiri. Ikichelewa kuisha, ndipo unatafuta gari la hospitali. Akiamka unamwambia yuko wapi."

"Basi?"

"Basi."

Alibaki amepiga goti, mkono wake mzito uko begani kwangu, na mimi nikabaki nimelala. Nilikuwa natetemeka. Nililiona bwawa, nikaiona Jumamosi, nikamwona mwanangu juu ya zile mbao na wenzake wanakimbia mbele, na mkono ulioko karibu naye si wangu. Nilijitahidi kutulia nisichekwe. Meno yaligongana. Jirani yangu aliningojea niache. Alipoona siachi, akasimama, akashika kiuno, akanitazama kutoka juu kwa muda kama anayemtazama ng'ombe wa kununua.

"Jumamosi mtoto nitamshika mimi," akasema. "Wewe baki nyumbani. Mgonjwa hapelekwi matembezi."